Kutoka Kasha la Bibi Hadi kwa Mnunuzi wa Ng'ambo



Katika nyumba nyingi za visiwani kuna kasha lililopigwa misumari ya shaba, sahani mbili tatu za kizamani, mrashi uliopauka, chetezo, na doti za kanga zilizokunjwa na kuwekewa asumini ambazo zimekwisha kukauka. Hivyo ni vitu vya bibi. Harusi inapokaribia, ukumbi ukataka fedha na mpishi akataka arubuni, hapakosekani mtu wa kusema: "Hivi watu wa nje wananunua. Tupige picha tuviweke mtandaoni."

Ni kweli, wananunua. Na wamekuwa wakinunua kwa karibu miaka mia mbili sasa. Tumeona vyema tuizungumze historia hiyo kwa utaratibu, kwa sababu biashara hii ina mlango wa halali na ina mlango wa dhulma, na milango hiyo imekaribiana sana. Anayejua kitu kilitoka wapi, kilipita mikono ya nani na nani anakitaka, huuza kwa bei yake. Asiyejua huuza kwa bei ya mwenzake.

Mnada wa tandiko na bakuli

Kuuza kitu kilichotumika hakuna aibu katika dini yetu. Imepokewa na Abu Daud na Ibn Majah kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba mtu mmoja katika Ansari alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume akamuuliza kama nyumbani kwake hakuna kitu chochote. Akajibu kwamba lipo tandiko, sehemu wanajifunika na sehemu wanalitandika, na lipo bakuli la kunywea maji. Mtume akaviagiza vitu hivyo viletwe, akavishika mkononi mwake, akauliza nani atavinunua. Mmoja akasema dirhamu moja. Mtume akauliza nani atazidisha, mara mbili au tatu, mpaka akatokea wa dirhamu mbili. Akampa yule Ansari fedha zake: dirhamu moja anunulie nyumba yake chakula, ya pili anunue shoka, akate kuni na kuuza. Baada ya siku kumi na tano alirudi akiwa amepata dirhamu kumi.

Mambo matatu yamo humo. Kwanza, mnada wa vitu vya nyumbani, vilivyokwisha kutumika, uliendeshwa na mbora wa viumbe. Pili, uliendeshwa hadharani, kila mtu akisikia bei. Tatu, fedha haikuishia kwenye sherehe ya siku moja. Nusu yake iligeuka chombo cha kazi. Tuyashike haya matatu tunapoendelea.

Na hata katika ndoa, kitu kilichotumika kimepata heshima yake. Sayyidna Ali (r.a.) alipomuoa Bibi Fatma (r.a.), alichotoa kuwa mahari ni deraya yake, vazi lake la vita. Hakuambiwa akatafute jipya.

Vitu vyenyewe vilikujaje

Makasha tunayoyaona leo mengi hayakuchongwa hapa. Yalikuja na majahazi ya kaskazi kutoka India na Ghuba, kati ya Disemba na Machi, na majahazi hayo yakarudi kwao na upepo wa kusi. Ni ya msaji au mbao nyengine nzito za India, yamekandikwa bati na misumari ya shaba nyeupe au nyekundu kwa mapambo, na chini yana watoto wa kuvuta. Baadhi yana kijisehemu cha siri ndani, ambapo bibi aliweka vitu vyake vya thamani. Wafanyabiashara wa maduka ya antiki huyagawa kwa majina ya Surat, Bombay na Shirazi, kwa kufuata namna ya mapambo yake. Huko ng'ambo yote huitwa kwa jina moja, makasha ya Zanzibar, ingawa Zanzibar ilikuwa bandari yake zaidi kuliko karakana yake. Kabla ya begi la magurudumu linalopelekwa kwa bibi harusi siku hizi, kasha ndilo lililobeba nguo, manukato na mapambo ya mke.

Fedha ya mapambo nayo ina safari yake. Vikuku, mitali, mikufu na majasi mengi ya zamani yalifuliwa kutokana na sarafu zilizoyeyushwa, hasa reale ya Maria Theresa wa Austria. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, lakini sarafu yake iliendelea kupigwa kwa miaka mingi ikiandikwa mwaka huohuo wa 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi waliiamini. Kila moja ina uzito wa gramu 28 na kidogo. Mwanamke aliyevaa jozi ya mitali mizito alikuwa ametembea na akiba yake miguuni. Ukiwa na kikuku cha bibi, basi huenda umeshika sarafu ya Ulaya iliyogeuzwa pambo na sonara wa Kiarabu au wa Kihindi.

Sahani na mabakuli yaliyopangwa kwenye zidaka za nyumba za Lamu na Pate yalitoka China kwa karne nyingi, na katika karne ya 19 yakaongezeka ya Ulaya. Ukigeuza sahani ya zamani yenye maua ya rangi kali usishangae kuona chini yake mhuri wa Maastricht, mji wa Uholanzi.

Kanga, ndiyo, ni yetu zaidi. Wanawake wa pwani ndio waliochukua leso za Kireno zilizouzwa kwa kipande, wakazishona pamoja mpaka zikawa nguo ya kujifunga, na wafanyabiashara wakafuata matakwa yao. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lenye alama ya "Mali ya Abdulla", lilianza mwaka 1887. Majina ya kanga za zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hati za Kirumi zikafuata baadaye. Ndiyo maana kanga iliyoandikwa kwa Kiarabu huwa ni tunu kwa wakusanyaji.

Wanunuzi wa mwanzo wa ng'ambo

Watu wa Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, Marekani, walifika Zanzibar kutafuta pembe, gundi ya sandarusi na ngozi, na wakaleta kitambaa kile ambacho mpaka leo tunakiita merikani. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika mwaka 1837. Manahodha wa Salem walikuwa na chama chao tangu mwaka 1799, na moja ya desturi zake ni kurudi na vitu vya ajabu kutoka nchi walizozuru. Mkusanyo huo ndio uliozaa makumbusho ambayo leo yanaitwa Peabody Essex. Kwa hiyo mnunuzi wa ng'ambo wa vitu vyetu hakuletwa na intaneti. Alikuja kwa tanga.

Kisha mwaka 1840 jahazi la Sayyid Said, jina lake Sultana, liliingia New York likiongozwa na Ahmad bin Naaman. Pamoja na bidhaa za kuuza, kulikuwa na zawadi kwa Rais Martin Van Buren: farasi, lulu, mazulia, shali, mafuta ya waridi na upanga. Katiba ya Marekani haikumruhusu Rais kuzipokea kuwa zake. Bunge likatoa ruhusa zawadi ziuzwe na fedha ziingie hazina ya nchi, na baadhi zikabaki katika hifadhi ya taifa. Miaka zaidi ya 150 kabla ya minada ya mtandaoni, vitu vilivyotoka kwetu vilikuwa vimekwisha kupigiwa bei Marekani.

Tunaona hapa tofauti ya kuizingatia. Vitu vya Sultana vilitoka kwa mwenyewe, kwa hiari yake, naye akijua thamani yake. Si kila kitu kilichofuata kilitoka hivyo.

Walioondoka na vilivyobaki

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi ziliondoka Unguja na Pemba, nyengine kwa haraka, na majumba mengi ya Mji Mkongwe yakachukuliwa na serikali. Kasha zito halipandi ndege wala halibebwi na mtu anayekimbilia chombo. Vitu vilibaki kwa majirani, kwa watumishi, kwa wapangaji wapya, na vingi vikauzwa kwa bei ya kula siku hiyo. Waliobaki nao walikuwa na shida zao. Katika miaka ya njaa na foleni, pambo la bibi likawa mchele.

Hatusemi haya ili kufungua vidonda. Tunayasema kwa sababu yanaeleza jambo moja kuhusu soko la leo. Mnunuzi wa ng'ambo si lazima awe mgeni. Huenda ni mjukuu aliyezaliwa Muscat, Dubai au London, ambaye mama yake alimsimulia kasha lenye watoto watatu na harufu ya udi, na sasa anatafuta lile au mfano wake. Wako wengi Oman, hasa waliokwenda baada ya mwaka 1970, ambao Kiswahili bado ni lugha ya jikoni mwao. Kwa mnunuzi wa namna hii, habari ya kitu ina thamani sawa na kitu chenyewe: kilikuwa nyumba ya nani, mtaa gani, kilitumika vipi. Ukiipoteza habari hiyo umeuza mbao tu.

Miaka ya themanini na dalali wa mlangoni

Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilifunguliwa Zanzibar na watalii wakaanza kuongezeka. Maduka ya antiki yakajipanga Gizenga na Hurumzi. Mji Mkongwe ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001, na kila jina jema liliongeza wageni, na kila mgeni aliongeza hamu ya kitu cha kale. Kenya ilitangulia kuliona hili: makumbusho ya Lamu, ambayo msimamizi wake wa kwanza alikuwa James de Vere Allen, yalianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati vitu vya nyumba za Lamu na Pate vilikuwa vikiondoka kwa kasi.

Vitu viliondokaje? Mara nyingi kwa mtu aliyepita mlango kwa mlango. Anakuja shamba, Pemba au kisiwa kidogo, anakaa barazani kwa adabu, anamwamkia bibi shikamoo, anasifia chai, kisha anauliza lile kasha bovu lililo uvunguni. Anatoa bei ambayo kwa bibi ni kubwa, kwa sababu bibi halijui soko. Kasha linapakiwa kwenye gari, na kabla ya mwezi kwisha liko katika sebule ya mtu wa mbali kwa bei ambayo bibi angedhani ni ya nyumba.

Dada zetu, jambo hili lina jina katika fiqhi. Mtume (s.a.w.) alikataza kuwapokea wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni, kwa kuwa mtu wa shamba hajajua bei ilivyo mjini. Na katika riwaya ya Muslim, aliyeuza hivyo akifika sokoni ana hiari ya kuivunja biashara. Angalieni uzito wake: dini haikutosheka na kusema kwamba aliyeuza alikubali. Iliuliza kama alijua. Ridhaa ya asiyejua bei ni ridhaa pungufu.

Hili linatuhusu sisi wenyewe leo kuliko linavyowahusu watu wa zamani. Msichana wa mjini mwenye simu nzuri anayekwenda kwa shangazi yake wa kijijini, akanunua sahani za zidakani kwa elfu chache huku anajua zitauzwa kwa dola, amesimama mahali pale pale alipokatazwa mtu kusimama njiani pa msafara. Mwambie shangazi bei ya soko kwanza. Ukipatana naye baada ya hapo, faida yako ni halali na shangazi atakuombea dua.

Kalamu mbovu ya mwanga

Mwaka 1995, huko San Jose, California, Pierre Omidyar, kijana wa wazazi wa Kiirani aliyezaliwa Paris, alianzisha tovuti ya mnada aliyoiita AuctionWeb. Miongoni mwa vitu vya mwanzo kuuzwa ilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyoharibika. Ilikwenda kwa dola 14.83. Inasimuliwa kwamba alimuuliza mnunuzi kama ameelewa kuwa ni mbovu, naye akajibu kwamba yeye hukusanya kalamu mbovu za namna hiyo. Mwaka 1997 tovuti ikapewa jina la eBay. Mwaka 2005 ikaja Etsy, ambayo kitu cha zamani huhesabika kuwa cha zamani kikitimiza miaka 20.

Biashara hiyo iliikuta Marekani ina desturi yake: Jumamosi asubuhi watu hutoa uani vitu wasivyovitaka, wakavibandika bei ndogo, na wapitanjia wakachagua. Aliyekuwa na jicho zuri alinunua uani kwa dola moja na kuuza mtandaoni kwa mtu wa nchi nyengine. Dada zetu walioko huko wamejifunza kazi hii, na inawafaa kwa kuwa inafanyika nyumbani, baina ya sala na sala, watoto wakiwa karibu. Kwa upande wetu, vitu vilivyoondoka na mabaharia wa Salem na watalii wa baadaye navyo hutoka uani siku hizo. Mwenye kuijua historia huokota kwenye bakuli la sarafu pesa ya shaba ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, yenye mchoro wa mizani, wakati wenziwe wanaona chuma kikuukuu.

Mtandao umefanya jambo moja ambalo soko la mlangoni halikuliruhusu: umeiweka bei hadharani, kama ule mnada wa tandiko na bakuli. Mtu wa Chake Chake anaweza kuona leo kasha kama la bibi yake liliuzwa kiasi gani London. Lakini tazameni vizuri. Bei iliyoandikwa na muuzaji ni matumaini yake tu. Bei ya kweli ni ile ambayo kitu kilikwisha kuuzwa, na kwenye eBay kuna sehemu ya kuchuja ili vionekane vilivyouzwa peke yake. Anzeni huko kabla hamjataja bei kwa mtu.

Na ile kalamu mbovu ina funzo kwa Muislamu. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono kwenye rundo la nafaka, vidole vikapata unyevu. Akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu watu wauone, na akawatoa wadanganyifu katika kundi lake. Picha za mtandaoni ni lile rundo. Mnunuzi wa Ulaya hawezi kuingiza mkono. Basi wewe mtolee unyevu juu: piga picha ya ufa, ya msumari uliopotea, ya kanga ilipotoboka, ya mguu wa kasha uliobadilishwa. Kasha lililotengenezwa mwaka juzi na kupakwa rangi ya uzee, liandike kuwa ni jipya la mtindo wa zamani. Na usimwombe binamu yako apandishe bei kwenye mnada bila nia ya kununua. Hiyo ndiyo najsh iliyokatazwa.

Kabla hujabonyeza

Tuseme umeamua kuuza. Kuna maswali ya kujiuliza, na tunayapanga kwa uzito wake.

La kwanza, ni chako? Vitu vya bibi aliyefariki ni mirathi. Hulipwa kwanza gharama za maziko, madeni na wasia, kisha warithi hupata mafungu yao. Kasha haliwi lako kwa kuwa ulilala chumba kile au kwa kuwa bibi alikupenda. Shangazi aliyeolewa Tanga ana fungu lake, na mjomba aliyeko Oman ana lake. Ukiuza bila ridhaa yao umekula haki ya watu, na harusi itakayojengwa juu ya fedha hiyo itakuwa imeanza na mzigo. Waiteni, kubalianeni, andikeni.

La pili, ni cha nani katika ndoa? Mahari na mapambo aliyopewa mke ni mali yake kwa amri ya Mola katika Suratun Nisaa. Mume hana ruhusa ya kuyapiga picha na kuyauza, hata kwa nia nzuri, ila mke aridhie kwa moyo mkunjufu. Nawe bibi harusi, yaandike mapambo yako tangu siku ya kwanza: uzito, idadi na picha.

La tatu, ni dhahabu au fedha? Hapa pana hukumu ya peke yake. Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kuhusu dhahabu na fedha ni kupeana mkono kwa mkono, na wanavyuoni wengi wa zama hizi wameiweka noti katika hukumu hiyo. Kulipwa leo na pambo likafika kwa posta baada ya wiki tatu kuna wasiwasi wa riba. Msiamue wenyewe, muulizeni shekhe wenu kabla ya kuuza, na njia iliyo salama ni mnunuzi au wakala wake kuja kupokea.

La nne, sheria za nchi zinasemaje? Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo inavilinda vitu vya kale na hata milango na miimo iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Kenya ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, inayovihesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, na huwezi kuvitoa bila kibali. Kwa Zanzibar pa kuuliza ni idara inayosimamia makumbusho na mambo ya kale. Pembe ya ndovu imezuiwa katika biashara ya kimataifa chini ya mkataba wa CITES tangu mwaka 1990, na eBay ikaikataa kabisa tangu mwaka 2009. Hivyo bangili ya pembe, kiti cha enzi kilichonakshiwa pembe na kitana cha gamba la ng'amba visipelekwe popote. Hata baadhi ya mbao za India za makasha zimo katika orodha ya CITES tangu mwaka 2017, kwa hiyo kasha nalo linaweza kuhitaji karatasi.

La tano, kina sitara ya mtu? Picha za zamani zinatafutwa sana ng'ambo, za studio na za harusi. Lakini bibi aliyepigwa picha mwaka 1960 akiwa amesuka nywele, amekaa na masomo zake chumbani, alipigwa kwa ajili ya macho ya nyumbani. Hakuna wa kumuuliza sasa. Sisi tunaona picha hizo zisiuzwe. Wala msahafu wa mkono usitupwe sokoni kama sahani. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa kuandika misahafu yenye mapambo, na kilichobaki katika familia ni amana ya familia au ya makumbusho.

Nini kiuzwe, nini kibaki

Hatuwaambii msiuze. Bibi zetu wenyewe walivifanya vitu hivi kuwa akiba, na akiba ina siku yake. Mjane mwenye watoto akiuza mitali ili alipe ada ya skuli hajaikosea historia. Ameitumia kama ilivyokusudiwa. Vitu vidogo, kama sarafu, kanga zilizozidi, sahani zisizo na pacha, huenda vikasafiri kwa posta na kuleta riziki nzuri, na mwenye jicho anaweza kuifanya kazi hii mwaka mzima, kununua mnadani na kuuza mbali, akajitegemea.

Tunachosema ni kwamba harusi haistahili kula kila kitu. Ukumbi utakodiwa saa sita, maua yatanyauka kabla ya fungate kwisha, na wageni watasahau rangi ya mapazia. Kasha lililovuka bahari kwa tanga, likakaa nyumba moja miaka mia, halirudi likishaondoka. Atakayelitafuta ni binti yako, na atalinunua kwa dola, akiweza.

Basi fanyeni hivi, mabibi harusi. Kabla ya siku ya sherehe, kaeni na bibi au shangazi aliye hai mkiwa na daftari. Kila kitu kiandikwe jina lake la asili, alikipata nani, kwa nani, mwaka gani kama unajulikana. Chagueni kimoja kisichouzwa, kiingie nyumba mpya pamoja nawe. Vilivyobaki, vikiuzwa, viuzwe kwa ridhaa ya wenyewe, kwa bei inayojulikana, na kasoro zikiwa juu. Na katika fedha itakayopatikana, toeni fungu la shoka: cherehani, jiko la kuokea, mtaji wa doti za kanga, chochote kitakachokata kuni baada ya harusi kwisha.

Mwenyezi Mungu aubariki mikono inayouza kwa ukweli na majumba yanayoanza kwa halali. Amin.